Mtu wa Nane

Katika sura ya nne ya tasnifu yangu kuna jedwali linaloonyesha ukubwa wa kaya nilizozitembelea Mzenga. Kaya ya bibi mmoja, ambayo pale haina jina bali namba, imeandikwa kuwa na watu saba. Takwimu hiyo ni sahihi. Niliihakiki mwenyewe, na mtu akinitaka niihakiki upya leo nitarudi kwenye saba ileile. Hata hivyo kila ninapoufikia ukurasa ule naupita upesi.

Mimi ni mtunza ghala, na kazi hiyo nimeifanya Kibaha tangu ujana. Masomo ya sekondari niliyasoma peke yangu, mtihani nikaufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, na vingine vyote nilivyosoma baadaye nilivisoma hivyohivyo, jioni, mezani kwangu Visiga. Nilipofika umri ambao wenzangu wanaanza kuzungumzia kustaafu, nilijiandikisha shahada ya uzamili kwa masafa. Sikuwa natafuta cheo. Nilitaka kujua jambo linathibitishwaje. Ghalani mtu akisema kuna mifuko ya saruji, unakwenda na kuiona. Vitabuni nilikuwa nasoma habari kubwakubwa za wakulima na sikujua waandishi wameyaona wapi waliyoyaandika.

Mada niliyoichagua ilikuwa ya ghala pia: jinsi kaya za wakulima zinavyohifadhi mihogo baada ya kuivuna. Msimamizi wangu alikuwa mwalimu wa kike, mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Kila nilipoingia ofisini kwake alisimama, akanipa heshima yangu yote, kisha akaketi na kunirudishia kurasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu."

"Za safari? Baba, hii sura hapana."

Sura ya mapitio ya maandiko niliiandika upya mara nyingi. Mara ya kwanza nilikuwa nimefupisha kila nilichosoma, kitabu baada ya kitabu. Aliisoma akatikisa kichwa. "Umenipangia vitabu kama mifuko ghalani. Huyu kasema hivi, yule kasema vile. Wewe humo ndani unatafuta nini?" Nilirudi nyumbani nikaipangua yote. Nilikuwa pia nimenakili maneno ya watu bila kuweka namba za kurasa, na ilinibidi nivitafute vitabu vyote tena, kimoja kimoja, ili niseme nilichokitoa wapi. Dada anayetoa kopi pale barabarani Visiga ndiye aliyenifundisha kwamba kompyuta inaweza kupanga orodha ya yaliyomo yenyewe. Mimi nilikuwa nimezipanga nukta kwa kidole, mstari kwa mstari. Alicheka mpaka akaegemea mashine.

Sehemu iliyonipendeza kuliko zote ni ile ya mbinu. Mwongozo wetu ulisema mtafiti asimwongoze mhojiwa. Asicheke jibu, asioneshe kukubali wala kukataa, asitoe zawadi wala kupokea, asijiingize katika mambo ya watu anaowachunguza. Kwangu hayo yalikuwa maneno ya haki. Nilijizoeza mbele ya mke wangu, yeye akiwa mkulima na mimi mtafiti.

"Uso gani huo, baba watoto?" aliniuliza. "Kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho."

"Jibu swali."

"Silijibu. Unanitisha."

Nilimwambia hajui mambo ya utafiti. Uso ule niliendelea nao.

Nilifika kwa bibi asubuhi ya kwanza kabisa ya kazi yangu Mzenga, nikiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na bati, na mbele yake kulikuwa na uchanja uliotandazwa makopa, vile vipande vya mihogo vinavyoanikwa mpaka vikauke vikawa vyeupe kama chaki. Bibi alikuwa amekaa chini yake, kwenye kivuli chenye mistari, akimenya. Mwenyekiti alinitambulisha akaenda zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu. Unatokea wapi?"

"Visiga."

"Visiga si kabila. Nakuuliza kwenu."

Nilimwambia kwamba wazee wangu ni Wanyamwezi wa upande wa Tabora. Aliweka kisu chini, akapiga makofi, akamwita binti yake aliyekuwa jikoni.

"Mama we, toka uone! Mtumwa wangu karudi! Yule aliyetoroka na mzigo!"

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo vichwani. Mtani hukutukana nawe ukamtukana. Hukamata kitu chako nawe ukakigomboa kwa maneno. Kwenye msiba yeye ndiye anayeruhusiwa kuchekesha, na wafiwa hawamkasirikii. Baba yangu alikuwa hodari wa mambo hayo. Nilipokuwa mdogo nilimwona akimkalia mtani wake kitini na kukataa kuondoka mpaka aletewe kuku, naye mwenye kiti akifurahi kama amepata mgeni wa heshima. Ukiitwa mtumwa unajibu kwamba wewe ndiye bwana, na aliyekuita amesahau kufagia. Ukishajibu, umeingia ndani. Kuanzia hapo nyumba ile ni yako.

"Mzigo umeutua wapi?" bibi aliniuliza.

Nilitoa barua ya mtendaji wa kijiji. Kisha nikamsomea maelezo ya ridhaa: kwamba yuko huru kushiriki au kutoshiriki, kwamba jina lake halitatajwa.

"Anahutubia," bibi alimwambia binti yake. "Mwache amalize. Wapagazi wa siku hizi wanabeba karatasi."

Nikaanza dodoso. Nilimuuliza amesoma hadi darasa la ngapi, akasema amemaliza la watoro. Nilimuuliza kaya yake ina watu wangapi wanaokula na kulala pale. Alinitazama, akahesabu vidole, akanitazama tena.

"Wanane."

Niliandika nane. Nikamuuliza anapata changamoto gani katika kuhifadhi makopa.

"Panya na Wanyamwezi," alisema. "Panya wana nafuu. Wao hawaji na barua."

Binti yake alijifunika mdomo kwa kanga. Mimi niliandika "panya," nikaenda kwenye swali linalofuata.

Niseme wazi kwamba sikuwa jiwe. Nilipoondoka, nikiwa juu ya pikipiki njia ya kurudi Mlandizi, nilicheka peke yangu ndani ya helmeti mpaka nikapunguza mwendo. Na majibu yakaanza kuja. Mzigo, bibi? Nimeutua kwenye ngoma yenu, nimewakuta mmelala mchana kwa uchovu wa kucheza. Nililisema kwa sauti, barabara ikiwa tupu na minazi ikiwa pande zote, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya baba yangu.

Yeye na mama walikuwa wamekwisha kufa. Kaka yangu alibaki Tabora, na tulikuwa watu wa kupigiana simu sikukuu. Visiga nina nyumba, nina mke na watoto, nina majirani wanaonisalimu. Lakini nyumba ya mzee ambamo ningeingia bila kupiga hodi, nikaulizwa nilikuwa wapi siku zote hizi, sikuwa nayo tena popote duniani. Bibi yule alikuwa amenifungulia moja ndani ya dakika chache, na nililiona hilo siku ileile.

Nilimsimulia mke wangu.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilikuwa kazini."

"Nenda ukamjibu basi. Si utarudi?"

"Nikimaliza kukusanya data."

Nilirudi mara kadhaa, kwa sababu kaya ya bibi ilikuwa miongoni mwa zile nilizozichagua kwa mahojiano marefu. Alinieleza mambo mengi ya maana: mihogo ipi inalowekwa kwanza na ipi inaanikwa mbichi, kwa nini makopa hayawekwi karibu na moto wa kuni mbichi, mvua ya ghafla inamfanya mtu aanue nini kwanza. Yote yako katika sura ya nne na yananukuliwa vizuri. Lakini katikati ya kila jambo alichomeka swali lake la mzigo, na kila mara nilingoja amalize kucheka, nikarudia swali langu. Nilikuwa nimeona kwamba ananijibu kwa mzaha zaidi kuliko walivyonijibu wengine, na niliogopa kwamba nikimjibu, hata lile la maana litageuka mzaha na sura nzima itaharibika. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Mwongozo uliitaja karibu kwa maneno hayohayo.

Siku moja nilipotaka kuondoka sikuiona helmeti yangu. Bibi alikuwa ameikalia.

"Nimekamata mali ya mtumwa," alitangaza. Wajukuu na majirani wawili walikuwa wamesogea kutazama. "Haitoki mpaka anibebe mgongoni mpaka kisimani na kunirudisha. Si ndiyo kazi yao?"

Watu walicheka, wakanigeukia. Ilikuwa zamu yangu. Nilisimama pale na begi begani nikijua kabisa kinachotakiwa. Hata kumbeba halikuwa jambo gumu, bibi alikuwa mwepesi kama ungo. Ningeweza pia kuuchukua mchi wake na kusema nauza Mlandizi. Ningeweza kusema lolote.

Nilimwendea binti yake. "Naomba unisaidie kofia yangu, jua linakwenda."

"Baba, mwombe mwenyewe," alinijibu kwa sauti ya chini. "Anakungoja wewe."

"Nina kaya nyingine ya kufika."

Bibi alisikia. Aliinuka polepole, akaifuta helmeti kwa upindo wa kanga yake, akanipa kwa mikono miwili.

"Haya mgeni. Safari njema."

Majirani walianza kuzungumza habari za mvua.

Baadaye ikaja kazi ya kusafisha data, kazi ninayoiweza. Unapitia madodoso yote na kutazama kama majibu ya mtu yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe. Kwa bibi yalikataa. Ukubwa wa kaya ulikuwa wanane, lakini nilipoorodhesha mmoja mmoja kwa umri na kazi, nilipata saba. Mwongozo ulisema ukikuta hivyo urudi kwa mhojiwa. Nilimpigia binti yake simu.

"Wa nane ni yupi?" nilimuuliza. "Kuna mtu alisafiri?"

Kulikuwa na kelele ya mbuzi upande wa pili, kisha akaanza kucheka.

"Si wewe, baba!"

"Mimi?"

"Siku ile bibi alikuhesabu. Ulipoondoka tukamwambia, mbona umemdanganya mgeni wa watu? Akasema, huyo si mgeni, mtumwa wangu hawezi kuachwa nje ya hesabu, atalala njaa. Mpaka leo akipakua anasema na cha Mnyamwezi kiwekwe."

Nilimshukuru. Nilimuuliza hali ya bibi, akasema anakohoa kidogo, vinginevyo yuko salama. Nilikata simu nikakaa. Mke wangu alikuwa anapika, redio ilikuwa inasema. Mbele yangu kulikuwa na kisanduku kimoja kidogo chenye nane ndani yake, na nane ile isingeweza kubaki. Wastani wa kaya ungekosea, chakula kwa kila kichwa kingekosea, na mtu yeyote mwenye macho angeuliza huyu wa nane ni nani. Nilifuta nane, nikaandika saba. Kisha nikapitia majedwali yote yaliyotegemea namba hiyo, nikayarekebisha.

Msimamizi alipoyaona alifurahi. "Safi sana, baba. Sasa data yako imetulia."

Niliamua jinsi nitakavyorudi. Nikishatetea tasnifu sitakuwa tena mtafiti, na hakuna kanuni itakayonizuia. Nitakwenda na nakala yenye jalada gumu. Sitapiga hodi. Nitaingia moja kwa moja, nikalie kigoda cha bibi, nidai chakula changu chote nilichopakuliwa na kisha kikaliwa na wengine. Nitamwambia kuhusu mzigo na ngoma. Nilikuwa nimeyapanga mpaka maneno yenyewe, na nikiwa peke yangu ghalani niliyasema kwa sauti, nikiyarekebisha kama nilivyorekebisha aya.

Nilitetea. Jopo likanipitisha kwa sharti la masahihisho. Wengi huyamaliza haraka. Mimi nilitaka yasirudi. Pambizo za upande wa kushoto hazikutosha. Marejeleo mengine yalikuwa na nukta na mengine mkato. Mke wangu aliniuliza kila mwisho wa juma.

"Mzenga huendi? Nenda Jumamosi hii. Nitakufungia na mchele umpelekee."

"Bado marejeleo."

"Bibi anataka marejeleo?"

Nilikuwa bado kwenye marejeleo simu ilipopigwa. Nilimtambua binti yake kabla hajasema. Bibi alikuwa amefariki alfajiri, na maziko yalikuwa baada ya adhuhuri.

Nilipofika Mzenga uwanja ulikuwa umejaa. Uchanja ulikuwa mtupu, mtu alikuwa ameyaanua makopa na kuyaweka ndani. Nilipokuwa naegesha pikipiki nilimsikia mama mmoja akisema, "Yule mtani wake siye yule? Sasa angalau tutacheka." Wanawake waliokuwa mkekani waligeuka. Wale majirani wawili wa siku ya helmeti walikuwapo, nao waligeuka.

Nilikwenda kwa binti wa marehemu. Alikuwa amekaa mlangoni, macho yamevimba, na aliponiona aliinua uso kama anayengoja kitu. Nilikuwa na kila kitu kichwani. Kigoda kilikuwa pale pale, ukutani. Kilichohitajika ni nikikalie na kupiga kelele kwamba hakuna maziko mpaka mtumwa alipwe chakula chake.

Nilisema, "Poleni sana kwa msiba. Mama yetu alikuwa mtu muhimu, na mchango wake katika utafiti wangu hautasahaulika."

Maneno hayo yalitoka yenyewe, yamenyooka, hayana kasoro. Nimeyasoma baadaye katika ukurasa wangu wa shukurani na karibu ni yaleyale.

"Asante, baba," alisema, akaushusha uso.

Muda si mrefu akafika mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga Mlandizi, Mnyamwezi kama mimi. Sikuwahi kumwona kabla. Alianza kupiga kelele tangu njiani. "Amekufa na deni langu la maneno! Mfungueni aniombe radhi!" Aliingia ndani, akatoka amejifunga kanga ya marehemu, ameshika fimbo yake, anatembea kama yeye, kiuno upande, na kukaripia watu mmoja mmoja kwa sauti ya marehemu kabisa. Alimwuliza mtendaji wa kijiji kwa nini barabara imefika kwao tu. Alikalia kigoda. Binti wa marehemu alicheka, kisha akalia vizuri, kilio cha kutoka tumboni, na yule mama akatupa fimbo akamkumbatia wakalia pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, mikono mbele.

Tulimzika. Tuliporudi, mikeka ilitandikwa na masinia yakaletwa. Nilisogea kwenye mkeka wa wanaume wa nyumba ile, nikainama kuvua viatu. Mtu akanigusa bega. Alikuwa binti wa marehemu, na alikuwa amebeba kiti cha plastiki.

"Baba, usikae chini, utachafuka. Wewe kaa hapa na wageni wetu."

Alisema kwa heshima ya kweli. Alikiweka kiti kati ya mtendaji na mwalimu mkuu, akaniletea sahani yangu peke yangu na soda iliyofunguliwa. Mwalimu aliniuliza tasnifu imefikia wapi. Nilimwambia imebaki marejeleo. Kwa ndani nilimsikia yule mama wa samaki akigombana na vijana juu ya ukoko wa wali, akisema hiyo sufuria ni yake tangu zamani.

Nilikula, nikanywa soda mpaka chini kama mgeni anavyotakiwa, nikashukuru, nikaaga. Helmeti yangu niliikuta palepale nilipoiacha, juu ya kiti cha pikipiki. Hakuna aliyeigusa.